Rudisha Bakulini

Watoto arobaini na wawili, zahanati ya Aduku,
matone arobaini na mawili juu ya vioo.
Nusu walilala ndani ya chandarua kipya, nusu cha zamani.
Barua ya wafadhili inauliza, mstari wa tatu:
mwakani mtahitaji watoto wangapi?
Ombi la kwanza, lililoandikwa kabla sijaajiriwa,
linasema mia mbili arobaini, kwa usalama.
Usalama wa nani, halisemi.

Mimi huhesabu kwa Kiswahili. Nimezaliwa kambini Jinja,
moja-mbili ya gwaride ilinifikia kabla ya lugha ya bibi.
Basi Akite, muuguzi, aliponiuliza
nguvu ya jaribio ni kitu gani, nilimjibu kikambi:
ni jicho la mlinzi. Mwizi akija kweli mara mia,
atamwona mara ngapi?
"Wetu wa hapa getini," akasema, "mara mbili."

Akaleta njugu mawe. Tukaziandika namba kwa wino,
mabakuli mawili, ishirini na moja kila moja.
Chota. Soma. Andika. Rudisha bakulini. Tikisa.
Hadi sitini kila upande.
Kumi na saba akatoka mara sita,
tisa hakutoka kabisa.
"Kumi na saba ni Ejang, yule aliyenitapikia."
Sasa ni Ejang sita, wanalia kwa pamoja
katika kijiji kisichokuwapo,
na hakuna kidole kilichochomwa.

Vijiji elfu mbili vya aina hiyo nikaiagiza kompyuta ivijenge.
Kila kijiji na kesi yake: vyandarua vichangwe kama karata
mara mia tisa tisini na tisa, tuone
kama bahati tupu ingezaa tofauti kubwa kama ile.
Saa kumi na nne za kazi.
Umeme ukakatika saa moja na robo jioni.
Betri, dakika hamsini na tano.

Nikakaa gizani, mbu wakinichukua sampuli bila idhini.
Nikakumbuka penalti za Jumapili, uwanja wa kambi:
timu ikishapitwa kiasi cha kutofikia,
refa hamwiti mpigaji wa tano.
Basi kesi iliyokwisha kupotea, iachwe njiani.
Lakini vijiji vingi vilikuwa vinashinda,
na mshindi huchelewa kujulikana.
Akiba yenyewe haba, nusu kibaba.

Akite alikuwa na tochi ya simu na kadi ya uzito
ya mtoto fulani: nukta tatu, miezi mitatu.
"Huyu," akasema, "simsubiri atimize mwaka
ndipo nijue anakwenda wapi."

Nikamwangalia kama mtu aliyenilipia deni.

Karata zichangwe mara kumi na tisa tu. Thelathini na tisa. Hamsini na tisa.
Uchache una kosa lake, lakini ni kosa lenye adabu:
ukizidisha mara mbili, upungufu hukatika nusu.
Sabini na moja katika mia. Sabini na sita. Sabini na nane.
Nikachora mstari kwa ukingo wa kadi ile ile,
nikauacha uende hadi pale karata zisipokwisha,
ukagota themanini na moja.
Betri ilibaki na asilimia nne.
Sitini na sitini. Watoto mia na ishirini.

Asubuhi mfagiaji akaita kutoka chini ya benchi:
njugu moja, wino haujafutika. Tisa.
Haikukosa bahati. Haikuwamo.

Akite akaishika muda mrefu.
Akasema, ng'ambo ya kinamasi kuna watoto
ambao mama zao hawakuvuka siku ile, maji yalijaa.
Hao wako bakuli gani?

Sikuwa na mstari wa kuchora.
Nikaandika mia na thelathini na wawili,
na chini yake, kwa mkono, kwamba kumi na wawili
watafutwe kwa mtumbwi.